Mpini wa wembe wa kukunja: mpingo, pembe la ng'ombe au akriliki?

Kijana_Mbagala: Wakuu, nina wembe wa kukunja wa marehemu babu. Mpini umepasuka, nataka kuuvisha mwingine wikiendi hii. Mpingo, pembe au akriliki?

MzeeMsasa: Mkuu, hujasema kitu. Ni wa Sheffield ya Uingereza au Solingen ya Ujerumani? Wa kunyolea au wa kabatini? Mpini wa zamani ulikuwa wa nini? Weka picha.

DadaKeekee: Mpingo tu! Nchi ya mpingo halafu mtu anaulizia plastiki. Ila una mafuta: upanguse na asetoni kwanza, la sivyo gundi ya epoksi haishiki.

Kinyozi_Tmk: Mpingo upi, dada? Mimi niliuziwa vibao viwili mahali fulani, sipataji. Vyeusi, vinang'aa, bei ikapanda kwa jina la mpingo. Napiga msasa, vumbi linatoka jeupe kama unga wa sembe! Kumbe mti wa kawaida umepakwa kiwi ya viatu. Vidole vyeusi, taulo la mteja jeusi. Narudi, jamaa ananiambia eti huo ni "mpingo mchanga". Siku hizi nakwangua kwa kisu kwanza, halafu naomba ndoo ya maji. Mpingo mkavu unazama.

DadaKeekee: Pole, lakini huo ni wizi. Mti wenyewe hauna kosa.

MzeeMsasa: Na si mpingo peke yake unaozama. Mimi ni mtu wa pembe. Sheffield ya karne ya 19 walivisha nyembe pembe kibao. Nenda machinjioni Vingunguti uchukue pembe, lichemshe, libane katikati ya mbao mbili mpaka lipoe. Harufu mtavumilia.

Bosi_Upanga: Pembe la ndovu ndiyo heshima.

Kinyozi_Tmk: Heshima ya gereza la Segerea? Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku tangu 1989, bosi.

DadaKeekee: Na la ng'ombe linaliwa na wadudu, likipata unyevu wa huku linajikunja.

MzeeMsasa: Lipake mafuta. Mbona sisi tunapaka ngozi?

Kijana_Mbagala: Samahani, nilikuwa kazini. Mpini ni wa njano wenye mabaka ya kahawia, una harufu kali. Chuma kina kutu palepale kinapolala ndani ya mpini.

MzeeMsasa: Ungeanza na hilo! Hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani, inaoza. Inatoa gesi zenye asidi ya naitriki, ndizo zinazokula chuma. Itoe leo, usiichanganye na nyembe nyingine, na usiikaribishe kwenye jiko, inawaka vibaya.

Kinyozi_Tmk: Basi akriliki. Haiozi hivyo, haivimbi. Ila ribiti uigonge taratibu, tundu lisibane, la sivyo akriliki itapasuka.

DadaKeekee: Akriliki kwenye wembe wa babu? Jamani.

Bosi_Upanga: Kijana, unauza shilingi ngapi?

Kijana_Mbagala: Siuzi. Ribiti za shaba nyembamba nazipata wapi, mtaa wa Gerezani?

Kinyozi_Tmk: Nunua fimbo ya kuchomelea ya shaba ya njano, ya milimita 1.6, ukate mwenyewe. Halafu unanoa na jiwe gani?

MzeeMsasa: Hapo ndipo mnapoharibu. Jiwe la kunolea panga lisiguse wembe huo.