Ziara za miji dada: nauli ilipwe na nani?

Jicho la Pili (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kila nikifuatilia habari za vyama vya miji dada, yaani miji ya nchi mbili iliyosaini mkataba wa urafiki na kutembeleana, naona picha ile ile. Watu kumi na wawili wamesimama mbele ya ukumbi wa manispaa, meya mmoja kavaa mkufu, mwenzake kashika kibao cha shaba. Mwaka unaofuata picha inapigwa upande wa pili: kibao kingine, mkufu mwingine, sura zile zile. Swali langu ni dogo. Chama ni cha hiari, kina ada na kina mweka hazina. Kwa nini halmashauri itoe fungu la nauli? Mimi nasema anayekwenda ajigharamie, isipokuwa wanafunzi. Na hao wanafunzi nao tuambizane ukweli, wengi wanapelekwa kushika simu kwenye sebule ya watu badala ya sebule ya kwao.
Karibuni. Hoja ijibiwe kwa hoja.

Mchokozi Rasmi
Nimevuta kiti. Nawasubiri wenye mikufu.

Karani wa Zamani
Mleta mada, nauli ni tawi, shina liko kwingine. Nimeandaa makabrasha ya ziara hizi kwa miaka, nakuambia kinachotokea. Mkataba unasema tupokezane: mwaka huu nyinyi mje, mwakani sisi twende. Lakini wa upande mmoja wanapanda ndege na pasipoti tu. Wa upande mwingine wanaomba viza, wanapeleka taarifa za benki, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, uthibitisho kwamba watarudi. Anayepita ni meya na katibu wake kwa sababu walishasafiri. Kipa wa timu ya vijana ananyimwa kwa sababu hajawahi kusafiri. Kwa hiyo sura zile zile unazoziona, mkuu, nyingine zimechaguliwa ubalozini. Mkitaka kujadili pesa ya umma, jadilini kama itumike kumvusha huyo kipa au kumrudisha meya mara ya sita.

Mwalimu wa Zamu
Nimesoma mada mpaka "kushika simu", nikasimama hapo hapo.
Nimeongoza wanafunzi kwenye ziara hizi mara nne. Siku nane au kumi, kila mtoto kwenye nyumba yake, kwa watu asiowajua. Usiku wa kwanza mwanafunzi wangu mmoja alilia bafuni kwa sababu hakujua maji ya moto yanafunguliwa wapi na akaona aibu kuuliza. Siku ya tisa nimemkuta anabishana na mtoto wa wenyeji kuhusu zamu ya kuosha vyombo, kwa lugha ya wenyeji. Anabishana! Kusalimia kwa lugha ya kigeni hata kasuku anaweza, kubishana ni kazi ya mwenye lugha. Huyo ndiye unayemwita mshika simu.
Na kwa taarifa yako, mwaka 1950 Ludwigsburg ya Ujerumani na Montbéliard ya Ufaransa zilipoanza uhusiano, vita ilikuwa na miaka mitano tu tangu iishe. Meya wa Montbéliard, Lucien Tharradin, alikuwa ametoka hai kwenye Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi. Mtu huyo ndiye aliyewapa Wajerumani mkono. Unadhani alikuwa anatafuta safari?

Jicho la Pili
Mwalimu, nilisema "wengi", sikusema "wote". Na ukimleta mtu aliyetoka Buchenwald kwenye hoja ya nauli, nani atabaki na mdomo? Huko si kujibu, ni kufunga mlango kwa kitasa.

Mwalimu wa Zamu
"Wengi" umewahesabu wapi? Wewe umewahi kumpokea hata mmoja?

Mchokozi Rasmi
Povu limeanza mapema leo. Mimi naongeza kuni: hii ya kulala majumbani kwa wenyeji ni hoteli ya bure iliyobatizwa urafiki. Ingekuwa kila mjumbe analipa chumba chake, vyama hivi vingebaki na watu watatu na mbwa wa katibu.

Upepo wa Jioni
Mwalimu, hiyo ya 1950 haikuwa ya kwanza. Kabla yake kulikuwa na Coventry ya Uingereza na Stalingrad ya Urusi, vita ikiwa bado inaendelea, mwaka 45 kama sijakosea.

Kisimati
Umekosea. 1944. Na hata kabla ya hapo wanawake wa Coventry, mji wao ukiwa umeshateketezwa kwa mabomu, walitarizi majina yao kwenye kitambaa cha meza wakakituma Stalingrad pamoja na mchango wa fedha. Majina 830. Hapakuwa na ujumbe wala mkufu, maana nani angesafiri wakati wa vita?

Jicho la Pili
Asante Kisimati, umenisaidia. Kitambaa kimekwenda chenyewe, hakuna aliyedai posho.

Kisimati
Sijakusaidia, mkuu, nilikuwa namsahihisha mwenzangu tarehe tu.

Mama Kwaya
Nani kasema hoteli ya bure?
Nyinyi mnaoandika hapa mmewahi kupokea mgeni wa ziara? Wiki mbili kabla unahamisha watoto chumba. Unaandikiwa kwamba mgeni wako hali hiki, anaumwa mgongo, anaogopa paka. Una paka. Siku ya kufika basi linachelewa saa tatu nawe umesimama na bango lenye jina ambalo huwezi hata kulitamka. Halafu siku nane za kutabasamu mpaka taya linauma, kwa sababu maneno yenu ya pamoja ni kumi na tano na kumi mliyamaliza jana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sikulitoa. Kwaya yao iliimba na yetu, sisi hatujui maneno yao wala wao hawajui yetu, na sauti ya nne ikakaa mahali pake. Mgeni wangu yule bado ananiandikia, na sasa ni mtu mzima wa miaka themanini.
Hoteli ya bure! Mhudumu wa hoteli analipwa, mimi nilipwe na nani?

Mchokozi Rasmi
Mama shikamoo. Naomba radhi kwa paka.

Mama Kwaya
Marahaba. Radhi ya paka nimeipokea, ya hoteli bado.

Karani wa Zamani
Narudia kwa ufupi maana naona nimerukwa: mabadilishano yanayokwenda upande mmoja si mabadilishano. Kuna mwenye maoni kuhusu viza?

Ndimi Mbili
Samahani, kuna kitu kinanikera tangu mwanzo wa uzi. Kwa nini "miji dada"? Kwa Kiswahili mji hauna jinsia. Waingereza wanasema mapacha, Wafaransa pia wana neno lao la kufanya mapacha. Wamarekani ndio wenye udada, na rais wao Eisenhower alipolivalia njuga jambo hili mwaka 1956 neno hilo likaenea. Wajerumani wakavu wanasema ubia wa miji. Warusi wanatumia neno lenye maana ya ndugu wa kuapiana, yaani kama sisi tulivyokuwa na undugu wa kuchanjia. Hilo ndilo lingetufaa! Dada humchagui, pacha ndiyo kabisa. Ndugu wa kuchanjia unamchagua, mnakula kiapo, na kiapo kina masharti.

Upepo wa Jioni
Miji ya kuchanjia! Meya na wembe mkononi badala ya mkasi wa utepe. Hapo hata mimi ningelipa nauli nikaangalie.

Jicho la Pili
Tusitoke nje ya mada.

Ndimi Mbili
Jina ndiyo mada. Ukishaita mtu dada, nauli ya kwenda kumwona inakuwa haki. Ukimwita mbia, unaulizwa umeleta nini.

Mchokozi Rasmi
Ameleta kibao.

Kisimati
Wengine majina yenyewe ndiyo uhusiano wote. Toledo ya Ohio ilijiunga na Toledo ya Hispania mwaka 1931 kwa sababu tu wanaitwa sawa. Kuna kijiji Scotland kinaitwa Dull, mwaka 2012 kikajiunga na Boring ya Oregon, kisha akaja Bland wa Australia. Tafsiri yake ni kama Mji Uliopooza, Mji Unaochosha na Mji Usio na Ladha wamekaa meza moja. Watu wanacheka, watalii wanapiga picha kwenye kibao cha barabarani, na hakuna aliyedhurika. Na kuna wanaokwenda kimya kimya miaka mingi, Würzburg na Mwanza wako pamoja tangu 1966, wamewazika mameya wangapi humo katikati?

Mwalimu wa Zamu
Kisimati kaeleza vizuri: kimya kimya. Ziara inayozaa kitu huwezi kuipiga picha. Wahandisi wa maji wawili wakikaa juu ya pampu siku tatu, mmoja anamwonyesha mwenzake bomba linavujia wapi, hakuna gazeti linalokuja.

Jicho la Pili
Sasa mwalimu unaongea lugha yangu. Mpeleke mhandisi, nitachanga. Mpeleke muuguzi. Diwani anakwenda kuona nini?

Mwalimu wa Zamu
Sikusema diwani asiende. Asipoona kwa macho yake, hiyo pampu ataipitishia bajeti?

Jicho la Pili
Nilijua utarudi huko.

Upepo wa Jioni
Tuulize na la pili. Siasa ikiingia mnafanyaje? Prague, mji mkuu wa Czech, walivunja na Beijing kwa sababu ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Tibet, sivyo?

Kisimati
Sivyo hasa. Mkataba wao wa 2016 ulikuwa na kifungu cha kuitambua Taiwan kuwa sehemu ya China. Meya mpya, Zdeněk Hřib, akataka kifungu kitolewe, Beijing wakakataa, madiwani wakapiga kura ya kujitoa Oktoba 2019. Januari 2020 Prague ikasaini na Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Na Osaka walivunja na San Francisco mwaka 2018 kwa sababu ya sanamu ya wanawake waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani. Walikuwa pamoja tangu 1957.

Mama Kwaya
Yaani miaka sitini na moja, barua moja ya meya! Na wale waliokuwa wanapokeana majumbani waliulizwa?

Ndimi Mbili
Ndiyo maana nasema masharti ya kiapo yaandikwe. Prague yaliandikwa, wakayaona, wakakataa. Sawa kabisa. Ila mkataba usiokuwa na neno lolote, mnavunja kwa kifungu gani? Kwa hasira?

Upepo wa Jioni
Mimi ningevunja mara moja. Mji ambao meya wake anaunga mkono uonevu siwezi kumpigia makofi kwenye utepe.

Mama Kwaya
Meya si mji, mwanangu. Mgeni wangu wa miaka themanini hakumpigia kura meya wao, aliniambia mwenyewe, kwa yale maneno kumi na tano.

Upepo wa Jioni
Mama kwa heshima yako, huo ni urahisi wa mwenye moyo mzuri. Wanaoonewa kule wangesema nini wakituona tunaimba?

Mama Kwaya
Ungewauliza wao ukienda. Ila wewe umeshavunja.

Mchokozi Rasmi
Huo msumari umeingia wote. Natafuta koleo.

Mjumbe wa Hiari
Nimekuwa nasoma tangu asubuhi, nimeona niseme. Mimi ni mjumbe wa kamati ya chama cha aina hii, sitaji kipi. Watu mnadhani tuko matajiri. Wanachama wetu wanazeeka, vijana hawajiungi, mkutano mkuu uliopita akidi ilitimia baada ya kumpigia simu mume wa katibu. Fungu la halmashauri halitoshi hata basi. Tunauza tiketi za bahati nasibu, tunapanga viti, tunafagia ukumbi. Halafu mtu anakaa nyumbani anaandika "mikufu". Mkufu wenyewe ni wa meya, sisi hata hatuushiki.

Jicho la Pili
Karibu, na pole kwa kufagia, sikukulenga wewe. Lakini kwa kuwa umefika: chama chenu kinatoa orodha ya nani amekwenda, lini, na nani alilipa?

Mjumbe wa Hiari
Taarifa ya mwaka ipo.

Karani wa Zamani
Taarifa ya mwaka huandika "ujumbe wa watu kumi na wawili". Majina hayamo. Nimeziandika mimi, najua. Na masurufu hurejeshwa kwa stakabadhi moja ya jumla. Bado nasubiri pia kuhusu yule kipa.

Mjumbe wa Hiari
Kipa gani?

Mwalimu wa Zamu
Jicho, tukirudi kwenye simu, hukuomba radhi.

Jicho la Pili
Mwalimu, simu naifuta. Mjumbe, wewe umekwenda mara ngapi?

Mjumbe wa Hiari
Mara saba. Tano kati ya hizo kwa pesa yangu mwenyewe, na stakabadhi ninazo.

Karani wa Zamani
Na mbili?

Upepo wa Jioni
Jamani, kile kitambaa cha majina 830 kiko wapi siku hizi?

Kisimati
Volgograd, kwenye makumbusho ya vita. Stalingrad yenyewe ilibadilishwa jina 1961.

Mama Kwaya
Majina yote bado yanasomeka?