Tupeane uzoefu: baridi ya malaria ilikukuta wapi?

Mvuna Mpunga
Wakuu, jana nimeona konda kajikunyata na sweta juani saa saba mchana, meno yanagongana. Nikakumbuka Ifakara, tunalinda ndege mashambani. Nilifunikwa mablanketi mawili na magunia, dungu zima linatikisika. Muuguzi kunipima: 40.2. Nikamwambia kipimo chako kibovu, mimi naganda! Baadaye jasho likanimwagika, nikajiona nimepona. Kesho kutwa, saa ileile, ikarudi.

Shangazi wa Tanga
Hiyo kesho kutwa naijua. Pole mwanangu.

Mzee wa Maabara
Kipimo kizima. Vijidudu hupasua chembe nyekundu kila saa 48 hivi. Chembe nyeupe zinamwaga kemikali za kupiga mbiu, ubongoni inatengenezwa prostaglandini, kemikali ya kuwasha homa, na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili, inapandisha kiwango cha joto inachokitaka. Ikitaka 40 nawe uko 38, kwake wewe una baridi. Inakutetemesha mpaka ufike. Paracetamol inapunguza prostaglandini, kiwango kinashuka, unatoka jasho. Malaria yenyewe ipo palepale, kapime.

Pilipili Kichaa
Somo refu hilo. Supu ya pweza, pilipili nne, jasho chapachapa, homa kwisha.

Mzee wa Maabara
Pilipili inadanganya neva za joto, ubongo unadhani unaungua. Kijidudu hakina habari na supu yako.

Pilipili Kichaa
Cheti tukione kwanza.

Kijana wa Feri
Supu ya pweza ina kazi yake nyingine jamani 😂

Mama Wawili
Nyie mnacheka. Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu, homa ikapanda usiku, tukamgubika mablanketi eti atoe jasho. Macho yakageuka, akakakamaa, mikono inaruka. Mama mkwe analia dege limempitia, akichomwa sindano atakufa, atafutwe mtu mwenye kinyesi cha tembo tumfukize. Nilimnyakua, nikapanda bodaboda na kanga moja, peku. Damu ilipopimwa, malaria. Sasa yuko darasa la tano. Mtu asiniambie nimfunike mtoto mwenye homa.

Shangazi wa Tanga
Ya Rabi. Mimi wangu nilimtia kijiko mdomoni.

Mzee wa Maabara
Usirudie! Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Kijana wa Feri
Na maji ya barafu?

Mvuna Mpunga
Nilimwagiwa. Nikatetemeka maradufu, na aliyenimwagia nikamtukana.

Pilipili Kichaa
Mama Wawili, pole sana dada. Nafuta ya pilipili kwa watoto. Kwa wakubwa nabaki nayo.

Kijana wa Feri
Pweza tu mkuu, bakuli shilingi ngapi?