Matokeo ya utafiti wa chikungunya ya 2004: yafikeje kaunti, na yafikeje kwenye birika la jirani?

MamaMkomani
Assalaam aleikum. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Lamu, nazungukia nyumba mia moja. Juzi nilimulika tochi kwenye birika la bibi mmoja, yaani tangi la maji ya nyumbani. Kivuli changu kilipoangukia maji, viluwiluwi vya mbu vyote vikazama kwa pamoja, kisha vikaanza kupanda kimoja kimoja. Bibi akanambia, "Mwanangu, mimi nalala ndani ya chandarua, sina wasiwasi."

Moyo uliniuma. Chikungunya, ile homa ya virusi inayoletwa na mbu na kuumiza viungo, ilipotupiga 2004 nilikuwa msichana, na mamangu alishindwa hata kushika kata ya maji, vidole vimekaza. Watafiti walipopima damu za watu walikadiria kuwa 75 kati ya kila 100 mjini waliambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame, na maji yalikaa majumbani siku nyingi bila kubadilishwa. Mbu wake ana mistari myeupe miguuni na huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku hakimzuii. Haya yameandikwa miaka mingi, na bibi yule hajaambiwa. Kuna watafiti wengine walikuja mtaani kwetu kuhesabu mapipa, hawakuturudishia hata karatasi moja.

Naomba ushauri: nifanyeje yaingie kwenye mpango wa kaunti, na majumbani pia?

NesiMalindi
Waaleikum salaam dada. Andika, usitegemee kusema mkutanoni tu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, basi barua yako ifike mapema. Usiombe "uhamasishaji". Omba kitu chenye bei: vifuniko vya mapipa, wavu wa kufunika mdomo wa birika. Ambatisha hesabu yako mwenyewe, katika nyumba 100 ngapi zina viluwiluwi. Diwani atauliza, "Huko 2004, je leo?" Uwe na jibu.

Na usikate tamaa utafiti ukichelewa kufika kwa watu. Majaribio ya Kilifi ya miaka ya 1990 yalionyesha vyandarua vyenye dawa, vile vya kuzuia malaria, vilipunguza vifo vya watoto kwa kama thuluthi moja. Lakini kampeni kubwa ya kuwagawia watoto vyandarua hivyo bure nchini ilikuja 2006. Fikiria watoto waliokufa katikati hapo. Na unapohesabu, usibahatishe: hapa Malindi nilikuwa nikilaumu mitaro tu, mpaka watafiti walipokuta viluwiluwi kwenye mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa na wenyewe.

MzeeLangoni
Mwanangu, kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu huyo hugandia ukutani juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi, ukijaza tena yanaangua. Pipa lisuguliwe kwa brashi, kila wiki. Birika huwezi kulisugua kila wiki, ndiyo maana wazee wetu walitia humo visamaki vya kula viluwiluwi. Usianze na bibi kwa habari za maabara. Muulize mamake alitunzaje birika.

MamaMkomani
Ahsanteni sana, mzee na dada. Nimerudi kwa bibi, nikamuuliza hivyo hivyo. Kumbe alikuwa na visamaki, birika likakauka ukame mmoja wakafa, hakutia wengine. Ameomba nimtafutie. Jumatatu naanza kuhesabu, na nyumba ya kwanza ni yangu.