Nikeli, rutheni au kobalti: kichocheo kipi cha kugeuza hewa ukaa kuwa methani?

Kemia_Changanyikeni
Wakuu, habari za jioni. Nafanya shahada ya uzamili hapa Dar, na msimamizi wangu anataka nimpe jina la metali kabla mwezi haujaisha. Mmenyuko ni ule wa Sabatier: molekuli moja ya hewa ukaa na nne za hidrojeni zinatoa moja ya methani na mbili za maji. Nina tanuri dogo, bomba la kwatzi, mitungi ya gesi na alumina (unga wa oksidi ya alumini) ya kubebea metali. Chembe nataka zisizidi nanomita 10. Makala zinasifia rutheni, wengi wanatumia nikeli, na jirani yangu wa maabara anashikilia kobalti. Mfuko ni wa mwanafunzi. Mnanishauri nini?

Fundi_Tanuri
Nikeli, mkuu. Rutheni ina kasi, hilo halina ubishi: inaanza kazi kwenye nyuzi 200 na ushei, wakati nikeli unaipeleka 300 hadi 400 ndiyo ichangamke. Lakini ukiuliza bei ya rutheni utafunga simu mwenyewe.

Ila mimi ningehangaika na kitu kingine. Mmenyuko unafanyika kwenye uso wa metali, sasa piga hesabu: gramu moja ya nikeli yenye chembe za nanomita 5 ina uso wa kama mita za mraba 135. Chembe hizo zikiungana zikafika nanomita 50, umebaki na 13 na kitu, na metali ni ileile uliyoilipia. Kinachoziunganisha ni joto, na mmenyuko huu unazalisha joto wenyewe, kilojuli 165 kwa kila moli ya hewa ukaa. Tanuri linakuandikia 350, katikati ya kichocheo pameshapita hapo zamani. Kwa hiyo changanya kichocheo na mchanga wa kwatzi, zimua gesi kwa nitrojeni siku za mwanzo, na kipimajoto kiingie ndani ya kichocheo chenyewe. Ukikiacha nje ya bomba kinakudanganya.

Dada_Nitreti
Naunga mkono nikeli, ila Fundi umeipita rutheni haraka. Faida yake si kasi tu. Methani inapenda joto la chini. Ukipanda kuelekea 500 na zaidi unaanza kupata kaboni monoksaidi badala yake. Metali inayofanya kazi chini ina maana yake.

Kobalti inafanya kazi, lakini ni ghali kuliko nikeli na sijaona inakupa nini cha ziada kwa mradi wako. Chuma ni rahisi, ila kitakuletea monoksaidi na hidrokaboni ndefu usizozitaka. Shaba usiiguse kwa njia ya tanuri. Sifa zake za methani ni za upande wa umeme, kwenye elektrodi, na huo ni mradi mwingine kabisa.

Kama kuna hela ya ziada usiimalizie kwenye metali, nunua oksidi ya seriamu, yaani seria. Uso wake una matundu ya oksijeni yanayoikamata hewa ukaa na kuisogeza karibu na nikeli. Loweka kwa nitreti ya nikeli, kausha, choma kwenye 450, kisha ipitishie hidrojeni ili oksidi irudi kuwa metali.

Mzee_wa_Gongolamboto
Vijana, samahani nikiuliza la kizee. Gesi ya Songo Songo inaingia Dar tangu 2004, bajaji zinatembelea gesi, na hiyo gesi karibu yote ni methani. Kilo moja ya methani yenu inataka nusu kilo ya hidrojeni, na kuipata hiyo kwa kupasua maji ni uniti 25 za umeme au zaidi. Ukiichoma hiyo kilo unapata kama 14. Biashara gani hii?

Fundi_Tanuri
Shikamoo mzee. Kama umeme ni wa kununua kwa luku, hakuna biashara. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa walifunga mtambo wa Sabatier 2010, lakini wao walitaka maji. Methani wakawa wanaitupa nje. Huku kwetu naona nafasi kwenye biogesi. Karibu sehemu nne katika kumi ni hewa ukaa inayokaa bure, ukiiongezea hidrojeni mtungi uleule unakuwa na methani zaidi.

Mzee_wa_Gongolamboto
Marahaba. Hapo kwenye biogesi nakuelewa. Lakini ile harufu ya yai bovu?

Dada_Nitreti
Mzee umegonga penyewe. Hiyo ni salfa, na nikeli ikionja salfa imekufa. Rutheni nayo haiponi. Ipitishe kwanza kwenye chuma chenye kutu, kutu inaibakiza. Kemia, wewe anza na gesi safi ya mtungi.

Na jambo la usalama. Nikeli ikiwa chini ya nyuzi 200 na kuna monoksaidi, inaweza kutengeneza nikeli kabonili, sumu ya kuua. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, tanuri linapoa lenyewe na kupita hapohapo. Funga hidrojeni na hewa ukaa, fungua nitrojeni, acha ipite mpaka bomba lipoe. Usifungue kuangalia. Mimi nilifungua mapema mara moja, nikeli ikakutana na hewa, ikawaka mbele ya macho yangu. Kazi ya wiki mbili.

Kemia_Changanyikeni
Pole sana dada. Basi naandika nikeli juu ya alumina, na sampuli moja yenye seria ya kulinganisha. Fundi, mchanga wa kwatzi niuchanganye kiasi gani, na punje ziwe sawa na za kichocheo?

Fundi_Tanuri
Ukubwa sawa, la sivyo zitajitenga ukitikisa bomba. Anza na mchanga mara tano ya kichocheo, soma kipimajoto cha ndani, kikipishana na tanuri kwa zaidi ya nyuzi 10 ongeza mchanga.