Naomba ushauri: gari dogo la kuanzia kwa dereva mwenye hofu, bajeti milioni 12

Mama_Goba

Habarini wakuu. Leseni ya daraja D ninayo, ila nikizungukwa na daladala na bodaboda mikono inatoka jasho. Natafuta gari dogo, otomatiki, la Goba hadi Posta Jumatatu mpaka Ijumaa, mimi na mtoto mmoja wa shule. Kipande cha mwisho kufika nyumbani ni vumbi, kina makorongo na mlima mkali. Bajeti yote ni milioni 12, na humo humo itoke bima na matengenezo ya mwanzo. Nimewaza IST, Vitz, Passo na Honda Fit. Lipi litanifaa, na nikienda kulikagua nianzie wapi?

Bushi_na_Tairodi

Karibu dada. Kwa njia hiyo ningepanga IST ya cc 1300 kwanza, Vitz ya cc 1300 ifuate, Passo mwisho. Na kwa milioni 12 usiwaze kuagiza Japani. IST zote za toleo la kwanza (2002 hadi 2007) zimeshapita umri wa kutozwa ushuru wa uchakavu, na huo unakuja juu ya ushuru wa kawaida. Tafuta lililopo hapa hapa.

IST ina injini ya 2NZ (cc 1298) au 1NZ (cc 1496). Zote zina cheni ya taimingi, kwa hiyo gharama ya kubadilisha mkanda haipo, na gia boksi yake ni ya kawaida ya gia nne. Fundi wa mtaani yeyote ameshaifungua, na spea mpya na za mtumba zimejaa Kariakoo na Gerezani. Kwa mtu mwenye hofu hilo ni jambo kubwa: likigoma Mwenge, utapata msaada Mwenge.

Usiamini mdomo wa dalali, soma namba ya chesisi. NCP60 ni 1.3, NCP61 ni 1.5, NCP65 ni 1.5 inayovuta magurudumu manne. Hiyo NCP65 iache, inakula mafuta zaidi na ina vyuma vingi vya kuharibika nyuma. Kwa Vitz ya 2005 hadi 2010: KSP90 ni 1.0, SCP90 ni 1.3, NCP91 ni 1.5.

Passo ya 1.0 (KGC10) ndiyo rahisi kuliko zote kupaki, inageuka kwa nusu kipenyo cha mita 4.3 tu. Lakini injini yake ni ya piston tatu, cc 996. Ukiwasha AC ukapanda mlima, utakanyaga mafuta sana na gari litalia kwa nguvu huku likienda taratibu. Dereva mgeni huogopa hapo na kuachia mafuta katikati ya mlima, yaani mahali pabaya kabisa pa kuachia. Ukiipenda Passo, tafuta QNC10, hiyo ni 1.3.

Saluni_Nyeupe

Naunga mkono, ila niongeze upande wa kuona. IST ina nguzo nene za nyuma na kioo cha nyuma kidogo, kwa hiyo bodaboda anaweza kupotea kabisa ubavuni mwako. Vitz inaonyesha nje vizuri zaidi. Pia kwenye IST ya kwanza na Vitz za miaka hiyo saa ya mwendo iko katikati ya dashibodi, si mbele ya usukani. Kaa ndani ya kila moja kabla ya kusikia bei. Kama huoni boneti inaishia wapi hata kiti kikiwa juu, au magoti yanagusa usukani, hilo si gari lako hata liwe zima kiasi gani.

Mama_Goba

Asanteni sana. Na Honda Fit je? Nimeona kadhaa bei yake iko chini ya IST.

Oili_Sahihi

Fit si gari baya, dada. Bei iko chini kwa sababu nyingi zimetunzwa vibaya. Za GD1 (toleo la kwanza, 1.3) zina gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) inayotaka oili yake maalumu, HMMF. Ikiwekwa oili yoyote ya otomatiki, klachi ya kuondokea inaanza kukamata vibaya na gari linatetemeka kila ukiondoka kwenye taa. Foleni ya Sam Nujoma ukiwa na tetemeko hilo utachoka siku ya kwanza.

Jambo la pili, injini yake ya 1.3 ina plagi 8, mbili kila silinda. Nne za nyuma ni taabu kuzifikia, hivyo zipo Fit nyingi zilizobadilishiwa za mbele tu. Muulize muuzaji plagi ngapi zilinunuliwa mara ya mwisho. Akisema nne, umeshajua gari limehudumiwa na mtu wa aina gani. Kwa gari la kwanza mimi nisingekupeleka huko.

Bushi_na_Tairodi

Sasa ukaguzi. Muhimu kuliko yote: injini iwe baridi. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa na joto wakati mliahidiana asubuhi, kuna sauti au moshi ambao hawataki uukute.

Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha. Taa ya injini (check engine) na ya airbag lazima ziwake, kisha zizime baada ya injini kuwaka. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana huenda balbu imetolewa au imezibwa kuficha hitilafu. Hata zikizima, fundi wako apime kwa mashine. Kumbukumbu ya hitilafu ikifutwa jana taa inachukua muda kurudi.

Washa. Sikiliza sekunde chache za mwanzo. Mlio wa cheni kukwaruza ukiendelea ni dalili ya gari lililoendeshwa na oili pungufu au chafu, kwa sababu kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. Injini za NZ za mwanzo nyingine zina tabia ya kula oili: ringi za oili zinaganda kwa uchafu, oili inapita na kuungua. Mwombe mtu akanyage mafuta wewe ukiwa nyuma kwenye silensa. Moshi wa bluu, ondoka. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea haraka si tatizo.

Kabla injini haijapata moto fungua kifuniko cha rejeta. Unataka kuona kulanti yenye rangi, si maji ya kutu. Uliza kama thermostat (kivalvu kinachodhibiti joto la injini) ipo. Kuna mafundi huitoa gari likichemka badala ya kutafuta chanzo. Injini inabaki baridi muda wote, kompyuta inaongeza mafuta, na unaanza kulalamika gari linakunywa. Na jua hili: Passo na Vitz za 2005 kuendelea hazina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu inayozima injini ikipata moto, na nyekundu. Nyekundu ikiwaka, paki na uzime hapo hapo, usisubiri kufika nyumbani.

Breki imekanyagwa, toa P weka R, kisha D. Gia iingie ndani ya sekunde moja au mbili bila kugonga. Ikichelewa au ikipiga teke, rudisha ufunguo.

Halafu barabarani, AC ikiwa imewashwa. Kata usukani hadi mwisho na tembea taratibu kwa duara, kulia kisha kushoto: ka-ka-ka ni CV jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi la mbele). Pita kwenye makorongo kwa mwendo wa mtu anayetembea: kugonga kwa mbele mara nyingi ni stabilaiza linki, bushi au shokapu. Hivyo vinarekebishika na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Gia boksi na moshi wa bluu si vya kuombea punguzo.

Tairi zina tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Kashata nzima isikudanganye kama mpira umezeeka.

Kadi_Mkononi

Upande wa fedha na karatasi. Bima ndogo kwa gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT, lakini hiyo hulipa wengine tu. Kwa dereva anayeanza ningesema kata bima kubwa. Kima cha kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT ya 18. Gari la milioni 10: 350,000 na VAT 63,000, jumla 413,000. Uliza kampuni kabla ya kulipia gari, maana nyingine hazipokei gari la umri mkubwa kwenye bima kubwa.

Kwa hiyo usizidi milioni 10 kwenye gari lenyewe. Kabla ya kulipa, angalia kwa namba ya gari kama kuna faini za polisi na madeni ya maegesho. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayeuza. Mkataba uandikwe kwa wakili na umiliki ubadilishwe TRA mara moja. Ukimwachia dalali "atakuhangaikia", gari litabaki la mtu mwingine.

Oili_Sahihi

Fedha itakayobaki baada ya gari na bima anzia hapa, hata muuzaji akiapa kwamba amefanya sevisi juzi. Oili ya injini 5W-30: IST inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni la lita 4 linatosha, na usimimine lote. Plagi nne, filta ya hewa, kulanti. Gia boksi ya IST inatumia oili ya T-IV. Pima iliyotoka na urudishe kiasi hicho hicho, kisha hakikisha kwa kijiti upande wa HOT, injini ikiwa na moto na inanguruma kwenye P. Baada ya hapo oili ya injini kila kilomita 5,000, na chungulia kijiti kila Jumamosi.

Saluni_Nyeupe

Dada, kuhusu hofu yenyewe. Mguu wa kushoto hauna kazi kwenye otomatiki, uegeshe pembeni kabisa. Kwenye foleni huhitaji mafuta: ukiachia breki gari linatambaa lenyewe, ukikanyaga linasimama. Zoea hilo uwanjani kwanza, kisha barabarani Jumapili saa 12 na nusu asubuhi wakati daladala hazijajaa.

Mlima wako wa vumbi: weka 2 au L ukiwa bado chini, ili gia isibadilike katikati. Ukilazimika kusimama mlimani, vuta hendibreki, kanyaga mafuta mpaka usikie gari linasukuma, ndipo uiachie. Kushuka pia tumia 2 au L (baadhi ya Vitz za CVT zimeandikwa B), ili injini ishike gari na breki zisipate moto. Usiweke N ukiteremka.

Kamera ya nyuma funga, itakusaidia kupaki. Vioo vya pembeni virekebishe uone ubavu wa gari lako kidogo tu, kilichobaki kiwe barabara.

Mama_Goba

Nimeelewa. Kuna IST NCP60 ya namba D (herufi ya kwanza ya usajili baada ya tarakimu) Tabata, anataka milioni 10 na laki 3. Nimeahidiwa kuiona Jumamosi saa 4.

Bushi_na_Tairodi

Sogeza iwe saa 1 asubuhi, na mwambie Ijumaa jioni kwamba usingependa iwashwe kabla hujafika. Nenda na fundi unayemlipa wewe, si wa kwake. Milioni 10 na laki 3 ni bei ya kuanzia tu. Sikiliza kwanza hiyo miguu ya mbele kwenye makorongo.