Miezi 18, haitiki jina lake: kachelewa kusema tu au ni usonji (autism)?

Swali
Mtoto ana miezi 18 na hana neno hata moja. Akiitwa jina mara nyingi hageuki, ila katuni ikilia chumba cha pili anakimbilia. Jamaa wanasema wavulana huchelewa, tusubiri afike miaka mitatu. Nyumbani niangalie nini hasa?

Jibu la 1
Maneno yaweke kando kwanza, dada, angalia kidole. Mtoto aliyechelewa kusema tu hutafuta njia nyingine ya kukueleza: anaonyesha kwa kidole, anatikisa kichwa, anakutazama usoni kuona kama umemwelewa. Kuna kidole cha kuomba, "nipe kile", na kuna cha kukushirikisha, "ona ndege!", hataki kupewa chochote. Hicho cha pili ndicho chenye uzito. Kikikosekana akiwa na miezi 18, mpeleke akachunguzwe. Angalia pia kama anakushika mkono na kuupeleka kwenye mlango anaotaka ufunguliwe, bila kukutazama usoni hata mara moja.

Jaribu hivi: kaa naye sakafuni akiwa ameshiba na hana usingizi, nyoosha kidole kwa kitu kilicho upande wa pili wa chumba, sema "Tazama!" Je, macho yake yanafika kwenye kitu? Kwa jina, mwite kutoka ubavuni kwa sauti ya kawaida, runinga ikiwa imezimwa. Usimguse wala kupiga makofi. Akigeukia makofi hujajua kama anaitika jina.

Jibu la 2
Masikio yapimwe hata kama anakimbilia katuni. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio hufifisha sauti, na wapo watoto wanaosikia sauti nzito wakakosa nyembamba. Kugonga sufuria nyuma yake si kipimo.

Halafu jaza dodoso la M-CHAT-R, ambalo mzazi hulijaza kuchuja dalili za usonji. Ni la miezi 16 hadi 30, lina maswali 20 ya ndiyo au hapana. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo (rudia akishatimiza miaka miwili), 3 hadi 7 yanafuata mahojiano ya ziada, 8 na kuendelea apelekwe moja kwa moja kwa uchunguzi kamili. Wengi hukosea kuhesabu: kwenye swali la 2, la 5 na la 12, "ndiyo" ndiyo yenye alama, kwengine kote ni "hapana". Na ujibu anachofanya kwa kawaida, si alichowahi kufanya siku moja.

Muuliza swali
Asanteni. Lakini anakumbatia na kucheka sana, hilo haliondoi usonji?

Jibu la 3
Haliondoi. Wengi wenye usonji wana upendo tele na wengine hutazama macho. Vilevile kupanga vitu mstari au kupunga mikono peke yake hakutoshi. Tunatazama mkusanyiko wa dalili. Isipokuwa jambo moja: mtoto aliyekuwa na maneno, au aliyekuwa akipunga kwaheri, kisha akaacha, aonwe mara moja katika umri wowote.

Miaka mitatu usisubiri, tafadhali. Rekodi video fupi: akiitwa, akila, akicheza peke yake, akitaka kitu asichokifikia. Chumba cha daktari ni kigeni na mtoto hubadilika humo, video zitamsaidia daktari sana. Omba rufaa ya kipimo cha masikio na ya mtaalamu wa tiba ya usemi siku hiyohiyo. Tiba hiyo inaweza kuanza kabla jina la tatizo halijajulikana.