Mpelelezi wa mfululizo: askari au raia?

Mgeni_Kalamu: Assalaam alaykum. Naanza riwaya ya mauaji, Mji Mkongwe, nia yangu vitabu vitano. Mpelelezi awe askari kama Rebus wa riwaya za Mskoti Ian Rankin, au raia kama Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla?

Darajani: Waalaykum salaam. Askari. Ana haki ya kuhoji, kupekua na kudai ripoti ya daktari, huhangaiki kumtafutia kisingizio. Tatizo ni umri. Rankin alimwacha Rebus azeeke kadiri miaka inavyokwenda: alianza naye 1987, ilipofika 2007 ana 60 na kazi imekwisha. 2012 akamrudisha akiwa raia kwenye kitengo cha kesi za zamani. Mpangie mwaka wa kuzaliwa kabla hujaandika sura ya kwanza. Na subira: Rankin alipata Gold Dagger, tuzo ya riwaya za uhalifu, 1997, kwa kitabu cha nane cha Rebus.

MtuWaMakunduchi: Raia, bila shaka. Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa kiko, akili, na Najum wa kufuatana naye. Cheo hakumpa. Vitabu vyake vilitoka tangu 1960 mpaka 1984, na hakuna aliyeuliza anastaafu lini. Usimsahau Najum wako: ndiye anayeuliza yale msomaji anayotaka kuuliza.

Wete_Kwetu: Raia atakukwamisha kwenye maiti. Huku mtu akifa alfajiri, alasiri keshazikwa. Raia akianza kushuku, ushahidi uko chini ya udongo, na kaburi halifukuliwi bila amri. Hapo ndipo wengi humleta daktari rafiki, ghafla, sura ya saba. Uvivu huo! Mfanye mwosha maiti. Anamgeuza maiti ubavu wa kushoto, anamimina maji, anaona alama nyembamba nyuma ya sikio ambayo dakika kumi baadaye itafunikwa na sanda. Akiwa mwanamke, basi maiti awe mwanamke, maana mwosha wa kike haoshi maiti wa kiume.

Darajani: Hapo nimenyoosha mikono. Lakini kila kitabu jeraha? Cha tatu mtaa mzima utamkimbia.

Wete_Kwetu: Cha pili alama isiwepo, ila aliyekuja haraka mno kuulizia sanda. Cha tano ushakipata: mwosha huoshwa.

Mgeni_Kalamu: Mwosha, basi. Anasema na nani, kama si polisi?

MtuWaMakunduchi: Sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Kila shehia, yaani eneo lake, inaye, na anajua nani kahamia lini.